Ifakara ipimwe kuanzia mtoni

Mtu wa Masagati akiugua ugonjwa uliozidi uwezo wa zahanati, njia yake ni moja. Atateremshwa kutoka milimani hadi Mlimba, na Mlimba ikishindikana ataendelea na safari ya zaidi ya kilometa 100, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kushoto na bonde la Kilombero mkono wa kulia, mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Njia hiyohiyo hupitisha magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, wanafunzi wanaokwenda vyuoni na vijana waliochoka kulima. Kiutawala, Masagati ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, na Ifakara ni halmashauri ya mji yenye mipaka yake na baraza lake la madiwani. Kimaisha, Ifakara ni mji wa watu wa Masagati kama ulivyo mji wa watu wa Kibaoni, mjini humohumo.

Nimeanzia huko mbali kwa makusudi. Mazungumzo ya mpango kabambe wa mji huishia haraka kwenye stendi, soko na taa za barabarani. Hayo ni mahitaji ya kweli, lakini Ifakara ni mji uliozaliwa na bonde, na unalishwa na bonde hadi leo. Maji yanayoufurikia hayatoki mjini. Watu wanaonunua viwanja vyake wengi wao pesa yao imetoka shambani, Mngeta, Mbingu, Mchombe, Chita na kwingineko. Mpangaji atakayeikata karatasi pale ilipoishia mipaka ya halmashauri atakuwa amechora nusu ya mji.

Hesabu za watu zinaeleza kwa nini jambo hili halisubiri. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Wilaya ya Kilombero ikiwa na watu 407,880. Sensa ya 2022 iliwakuta 582,960, yaani ongezeko la watu wapatao 175,000 katika miaka kumi. Kati ya hao 582,960, watu 290,424 wamo ndani ya mipaka ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, na 292,536 wamo upande wa Mlimba. Si wote wa idadi hiyo ya kwanza wanaoishi mjini hasa, maana halmashauri inafika mpaka Mang'ula na Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Hata hivyo, huo ni umma wa kutosha kuitwa mji mkubwa, na sehemu kubwa ya ardhi wanayoikalia ilikuwa shamba au mbuga ndani ya kumbukumbu ya wazee walio hai.

Kisha barabara zikaja. Miaka nenda rudi, kwenda Mahenge kutoka Ifakara kulikuwa ni kupiga foleni kivukoni. Januari 2016 kivuko kilizama katika Mto Kilombero, na kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo ya pili alishikwa na hofu siku hiyo. Mei 2018 daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa na kupewa jina la Magufuli. Upande wa kaskazini, lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9 pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu, ilizinduliwa Agosti 2024. Safari iliyokuwa ikivunja gari na mgongo sasa ni ya saa chache kutoka Morogoro mjini. Nani asiyeshukuru? Mama mjamzito anashukuru, na mwenye lori la mchele anashukuru.

Ila lami ina mwenziwe, naye ni dalali. Kabla kambi ya mkandarasi haijafungwa, mashamba ya kando ya barabara huwa yamekwisha kukatwakatwa. Aliyewahi kushuhudia mauziano ya kiwanja pembezoni mwa Ifakara anaijua shughuli yenyewe. Muuzaji anatangulia, mnunuzi nyuma, shahidi na dalali wakifuata. Kiwanja kinapimwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa thelathini. Mpaka ni mgomba huu hapa na mwembe ule pale. Wakishakubaliana bei wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi inaandikwa, mhuri unagongwa, asilimia ya ofisi inalipwa, na biashara imekwisha. Katika shughuli nzima hakuna aliyeuliza maji ya masika hupita wapi. Kiangazi ardhi ya Ifakara imenyooka kama meza, na mgeni akiitazama Septemba haoni mkondo wowote. Machi na Aprili ndipo mkondo hujionyesha, na wakati huo msingi umeshamwagwa zege.

Mnunuzi huyo anaanza kufyatua tofali. Udongo anauchimba papo hapo, kwenye kona ya kiwanja chake au cha jirani, na tanuri analichoma kwa pumba za mpunga, ambazo hapa hazina bei kubwa. Nyumba ikisimama, shimo la udongo linabaki. Mvua zikianza shimo linakuwa bwawa dogo la kijani, watoto wanaogelea humo na bata wanaogelea humo. Shimo moja si tatizo. Mtaa mzima uliojengwa hivyo una mashimo mengi kuliko visima, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameshayachota maji ya mashimo ya aina hiyo na kukuta viluwiluwi vya mbu waenezao malaria.

Hapo kwenye mbu nitakaa kidogo, kwa sababu Ifakara ina ushahidi ambao miji mingi haina. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, ikiongozwa na Rudolf Geigy wa Basel, na tangu hapo bonde hili limechunguzwa kwa habari ya malaria kuliko karibu sehemu yoyote ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu wa kijiji cha Namwawala aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Watafiti walipopima upya mjini Ifakara, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliona maambukizi yameshuka kiasi cha kukaribia kutoonekana. Vyandarua vina sehemu yake kubwa. Lakini walitaja pia mji wenyewe: nyumba za tofali na bati badala ya udongo na nyasi, madirisha yenye nyavu, madimbwi yaliyopungua kwa kujengewa. Kwa maneno mengine, ujenzi uliwaondolea watu homa. Basi na ujenzi mbaya unaweza kuwarudishia, na kuwaongezea kipindupindu juu yake. Maji ya ardhini Ifakara yako karibu sana na miguu. Masika choo cha shimo hujaa, na kisima kifupi kilicho hatua chache tu kutoka chooni hujaa pamoja nacho. Familia zilizobanana kwenye viwanja vidogo visivyo na mpangilio hazina pa kukisogezea kimojawapo.

Sasa mito. Mto Lumemo hutoka Udzungwa, ambako milima hupanda kwa ghafla hadi kupita mita 2,000, na katika mwendo mfupi huporomoka hadi Ifakara, iliyo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Mto wa namna hiyo hauna muda wa kutuliza hasira. Unakuja na mchanga na magogo, ukifika kwenye tambarare unapoteza kasi, unamwaga ulichobeba, unajaza njia yake wenyewe, kisha unatafuta njia nyingine. Ndivyo tambarare hii ilivyotengenezwa kwa maelfu ya miaka, na ndiyo sababu mpunga unakubali. Aprili 2024, mvua za El Niño zilipozidi, Lumemo iliingia mitaani. Watu walibeba magodoro kichwani. Kuta za tofali mbichi zilianguka. Baada ya maji kupungua zilifuata kauli za kuuchimba mto na kuutengenezea tuta, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini tuta likijengwa upande mmoja bila kuyaachia maji mahali pengine pa kwenda, litahamisha mafuriko kutoka kata hii kwenda kata ile, na wakazi wa Lumemo, Katindiuka, Mlabani na Viwanja Sitini wataanza kutazamana kwa chuki.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mpango wa Ifakara uanze na maji. Kabla ya kuchora eneo la viwanda, kabla ya stendi mpya, kabla hata ya kugawa maeneo ya makazi, ichorwe kwanza ramani ya mahali maji yalipofika mwaka 2024 na katika mafuriko mengine yanayokumbukwa, kata kwa kata, kwa kuwatembeza wazee na wenyeviti wa mitaa katika alama zilizobaki ukutani. Mistari hiyo ndiyo iwe uti wa mgongo wa mpango. Kando yake ziachwe bustani, viwanja vya mpira, mashamba ya mboga na ya mpunga, malisho ya muda, miti ya matunda. Matumizi hayo yakilowa wiki mbili hakuna anayekufa.

Hili limeshafanywa mahali pengine kwa mafanikio. Mji wa Curitiba, Brazil, ulikuwa na tatizo la mafuriko, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, badala ya kuifunga mito yote kwenye mifereji ya zege, ulitenga ardhi ya kando yake na kuifanya bustani zenye mabwawa. Bustani ya Barigui, iliyoanzishwa mwaka 1972, huhifadhi maji ya mvua kubwa na siku nyingine zote ni mahali pa wananchi kupumzika. Curitiba wakati huo haukuwa mji tajiri. Uliwahi tu.

Kuchelewa kunagharimu nini, Watanzania tumeshaona. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 uliyatambua mabonde ya mito kuwa maeneo hatarishi yasiyofaa kwa makazi. Mpango ukakaa kabatini, watu wakakaa Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40, na Serikali ikawahamishia wengine Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, na sehemu ya pesa hizo ni za kulipa fidia na kubomoa nyumba ambazo karatasi ya miaka 43 nyuma ilikwisha kusema zisijengwe. Ifakara haitapata dola milioni 200. Ina nafasi ya kulifanya jambo hilo kwa bei ya bikoni na mishahara ya wapima, ilimradi lifanywe wakati ardhi yenyewe ingali ya mpunga.

Sheria si kikwazo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri ya mji kuwa mamlaka ya upangaji, na inaitaka iite mkutano wa wenye ardhi na wadau wengine katika kuandaa mpango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa hifadhi ya mita 30 kila upande, badala ya mita 22.5 za zamani. Kila namba kati ya hizo inafahamika kwa maofisa. Mwananchi yeye huifahamu siku alama ya X nyekundu inapopigwa ukutani kwake, na hapo kila mmoja anahasirika: yeye kwa nyumba yake, Serikali kwa kesi na fidia. Mita 60 za mto zisizo na alama ardhini ni hadithi. Zikiwekewa mawe na mstari wa miti inayojulikana kuwa ni ya mpaka, hata dalali atalazimika kuzieleza.

Bonde hili, ukweli usemwe, halijakosa mipango. Mwaka 1929 mtaalamu Alexander Telford aliwaandikia wakoloni wa Kiingereza ripoti ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Baada ya Uhuru kikaja kiwanda cha sukari upande wa Kidatu. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina na Watanzania walitandika reli ya TAZARA katikati ya bonde, na wakati wa vijiji vya Ujamaa watu wakahamishiwa karibu nayo katika operesheni iliyoitwa Kando Kando ya Reli. Stesheni za Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba zikawa masoko, na baadaye miji midogo. Umeme wa Kihansi, megawati 180, unazalishwa jirani na Mlimba. Mwaka 2002 sehemu kubwa ya bonde iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukaja mpango wa SAGCOT wa kilimo cha biashara, na Bwawa la Nyerere kule Rufiji linategemea maji ya Kilombero kwa zaidi ya nusu ya mtiririko wa mto ule. Mipango ya reli, ya miwa, ya mpunga, ya umeme na ya wanyama, yote ilikuwepo. Mji ulikuwa pale mizigo iliposhushwa. Haukuwahi kuwa ndiyo shabaha.

Matokeo yake ni kwamba ardhi ya bonde imebanwa pande zote. Huku hifadhi ya Udzungwa, kule ardhioevu na pori la akiba, hapa miwa, pale misitu ya kupandwa na mashamba makubwa. Anayezidi kijijini haendi kufungua shamba jipya kama babu yake alivyofanya. Anakuja Kibaoni. Ukitaka kupanga Kibaoni vizuri ni lazima uulize Mlimba na Mngeta zitakuwa nini, maana kila kijana atakayepata kazi ya kinu cha kukoboa, karakana au chuo cha ufundi huko juu ni kiwanja kimoja kilichopungua kwenye mbuga ya Lumemo. Mlimba ina stesheni, ina ndizi na mpunga wa kutosha kulisha viwanda vidogo. Halmashauri hizi mbili zimo ndani ya wilaya moja. Wataalamu wao wa ardhi, maji na barabara wakae meza moja, na ramani moja mbele yao.

Na katika kuitisha wadau, Masagati isisahauliwe kwa kisingizio cha umbali. Mkulima wa kule ndiye anayejua ni miezi mingapi kwa mwaka gari halipiti, na ni mzigo gani hauozi ukisubiri. Barabara ya kutoka Mlimba kupitia Taweta kwenda Madeke na Njombe ikifunguka ya kudumu mwaka mzima, mahindi, mbao na matunda ya nyanda za juu yatateremka bondeni kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na yote yatahitaji pa kushukia. Ghala hilo, soko hilo na egesho la malori viwekwe wapi ili visifunge mji? Swali hilo lijibiwe kabla malori hayajachagua yenyewe.

Ndani ya mji, jambo moja ninaliombea nafasi ya pekee: baiskeli. Ifakara ni mji wa baiskeli. Kina mama huenda nazo sokoni, wanafunzi shuleni, wakulima mashambani na gunia nyuma, na wauguzi hurudi nazo kutoka zamu. Ardhi ni tambarare na chombo hakinywi mafuta. Katika lami mpya yenye mwendo wa kasi, mwendesha baiskeli ni wa kwanza kuumia. Njia yake itengwe tangu kwenye mchoro, pana kiasi cha baiskeli mbili zenye mizigo kupishana, ikitenganishwa na magari na mtaro. Mtaro huohuo uwe wa kweli, wenye mteremko uliopimwa na mahali pa kumwagia, kwa sababu mtaro unaoishia mlangoni kwa mtu ni mafuriko yaliyojengewa.

Pesa zitatoka wapi? Mwaka 2002 Serikali ilianzisha Dar es Salaam mradi wa viwanja 20,000. Hazina ilikopesha mtaji, ardhi ikatwaliwa, ikapimwa, viwanja vikauzwa, na mkopo ukarudi. Mbweni, Bunju, Kibada na Toangoma za leo ni matunda yake. Kasoro yake ilikuwa kwamba wenye mashamba walipewa fidia wakaondoka, na viwanja vikanunuliwa na wenye uwezo. Ifakara ichukue mzunguko ule wa fedha na iache kasoro ile. Mwenye ekari tano apimiwe ekari zake, atoe sehemu kwa ajili ya barabara, shule na mkondo wa maji, na abaki na viwanja vilivyopimwa vyenye thamani kubwa kuliko shamba lililotangulia. Programu ya kumilikisha ardhi iliyofanyiwa majaribio Kilombero, Ulanga na Malinyi kuanzia katikati ya muongo uliopita imeshawazoesha wanavijiji wengi kuona mpima akiingia shambani bila kudhani wanaporwa. Imani hiyo ilipatikana kwa mikutano mingi. Ni mtaji, na utaisha ukiachwa.

Kuna suala la majira pia. Mpunga wa bonde huvunwa kuanzia Mei na kuendelea, na pesa yake ikishaingia mifukoni ndipo viwanja hununuliwa, Juni mpaka Oktoba, ardhi ikiwa kavu na kila pahali pakionekana panafaa kujengwa. Bajeti ya halmashauri huanza Julai, fedha hufika kwa kuchelewa, na wapima huenda uwandani wakati mvua zimekaribia. Kalenda hizo mbili hazijawahi kukutana. Baraza la madiwani linaweza kuzikutanisha kwa uamuzi mmoja: fedha za kuweka mawe ya Lumemo zitengwe katika bajeti inayotangulia, na kazi ianze wiki mashine za kuvunia zinapotoka shambani, ikianzia pale ambapo maji ya 2024 yaliingia ndani ya nyumba.